Ndege za Gogo Moja

Kwenye kibanda changu cha kazi, nyuma ya nyumba, kuna rafu iliyojaa ndege za vita. Nimezichonga mwenyewe, mimi ambaye sijawahi kupanda ndege. Bahari niliiona ujanani nilipokuwa nikiuzia watalii twiga wa kuchonga Mombasa, na hata siku hizo nilikaa mbali na maji. Watu wa Matiliku wanaokuja kununua miiko na viti vya miguu mitatu huzitazama ndege hizo kwa jicho la pembeni. Mzee mmoja wa kanisa, jirani yangu, aliniuliza wazi, "Sasa wewe, hii jeshi yote ni ya kupigana na nani?" Nikamjibu kwamba ni ya kumsindikiza yeye mbinguni, maana kwa sala zake zile sidhani atafika peke yake. Alicheka, lakini hakurudia swali.

Ukweli ni kwamba nilizichonga ili nipate la kuongea na binti yangu.

Huyo ndiye mtoto wangu wa pekee. Ana jina la mama yangu, kama desturi yetu ilivyo kwa binti wa kwanza, kwa hiyo tangu azaliwe sijamwita kwa jina. Namwita mwaitu, yaani mama, naye huniita Tata, yaani baba. Yuko ng'ambo, anasafisha kwenye makumbusho ya ndege katika mji ulio kando ya bahari. Alikwenda kusoma, masomo yakakatika njiani, akabaki. Karatasi zake hazijakaa sawa, na akitoka huko hataruhusiwa kurudi. Kwa hiyo mama yake alipofariki, yeye alitazama mazishi kwenye simu iliyoshikwa na mwanakwaya, na mtandao ukapotea kabla hatujaanza kutia udongo.

Nilimkasirikia. Nilijua si kosa lake, na bado nilimkasirikia, kwa sababu nyumba ilikuwa tupu na hakukuwa na mtu mwingine wa kukasirikia. Kila Jumapili alinipigia simu ya video nikitoka kanisani, kwake ikiwa asubuhi. Aliuliza kuhusu mvua, nikasema hakuna. Niliuliza kuhusu kazi, akasema iko sawa. Halafu tulitazamana kama watu wawili kwenye benchi la zahanati wanaongoja kuitwa. Mama yake ndiye aliyejua kuongea naye. Mimi nilikuwa napewa simu mwishoni nisalimie, mkate ushaliwa, nimebakiziwa makombo. Niliogopa kwamba Jumapili moja angesahau kupiga, kisha nyingine, na mimi ningekuwa mmoja wa wale wazee ambao mtoto wao yuko majuu na hakuna anayejua kama bado yu hai.

Jumapili moja, nadhani kwa kukosa la kusema, alinitumia picha. Ilikuwa ndege ya zamani yenye mabawa mawili, moja juu ya lingine, na tumbo la mviringo kama pipa.

"Tata, hii ndio nasafisha leo," akasema. Kisha akanieleza kwamba ukumbi anaousafisha ni wa kiwanda kimoja tu, kilichowaundia wanamaji ndege miaka nenda miaka rudi. Ndege za kutua juu ya meli.

"Juu ya meli? Wacha uongo."

"Haki ya Mungu, Tata. Ikishuka inashikwa na kamba."

"Kama ng'ombe?"

"Kama ng'ombe kabisa."

Akacheka, na mimi nikacheka. Tangu mazishi sikuwa nimesikia kicheko katika nyumba ile, changu wala cha mtu mwingine.

Jumatatu nilichukua kipande cha mukau, mti wetu wa huku usioliwa na mchwa, nikashika tezo, nikaanza kuchonga. Jumapili iliyofuata nilimwonyesha ndege yake. Badala ya kunisifu akasema mkia ni mkubwa. Nikamwambia macho yake ndiyo yameharibiwa na sabuni. Akapeleka simu karibu na ile ndege yenyewe, nikaona kweli mkia ni mkubwa, nikakataa kukubali. Tulibishana mpaka chai yangu ikapoa. Ilikuwa raha ambayo siwezi kuieleza.

Basi tukaendelea hivyo, ndege baada ya ndege. Ile ya mabawa mawili ilifuatwa na zile nene za wakati wa vita kuu. Wenye kiwanda walipenda kuzipa majina ya paka wa kila aina, nikamuuliza kama wazungu hao hawakuwa na mnyama mwingine. Ilikuja moja yenye mtumbwi chini ya tumbo, ya kutua majini. Ikaja isiyo na propela, nikagombana naye nikidhani ameificha. Ikaja iliyobeba rada mgongoni, duara pana kama ungo. Kazi yake ilikuwa kuona mbali, adui akiwa hajafika. Nilimwambia ningependa wanipe hiyo moja niiegeshe hapa nyumbani, nimwone yeye. Aliniuliza kama mvua imenyesha, na mimi nilijilaumu kwa kuiharibu siku.

Kila moja niliichonga kwa gogo moja. Baba yangu, aliyenifundisha kazi hii kule Matinyani, alikuwa akisema kinyago cha kuunga ni uongo unaouzwa mchana. Sisi hatutumii gundi wala msumari. Twiga na shingo yake ni mti mmoja, na ndege na bawa lake ni mti mmoja. Ukikosea bawa, likapasuka, unatupa yote na kuanza upya. Kwa hiyo ndege moja ilikula wiki, na hilo ndilo nililolitaka. Niliamka nikiwa na kazi, na kazi hiyo ilikuwa na mtu anayeingoja. Mtu asiyewahi kuishi peke yake hajui tofauti inayoletwa na jambo hilo asubuhi, unapokuwa umechemsha maji ya kikombe kimoja.

Katikati ya safari hiyo ilinijia picha ya ajabu. Ilipigwa kutoka nyuma, na ndege yenyewe ilikuwa imelaza mabawa ubavuni, yakaelekea mkiani kama ya kuku anayeatamia mayai. Niliitazama sana. Nikamuuliza, "Na hii inarukaje?"

"Ilikuwa inaruka tu, Tata," akasema, akageukia habari nyingine.

Nikaichonga jinsi nilivyoiona, mabawa yameshikana na mwili. Kusema kweli ilitoka vizuri kuliko zote, maana umbo kama hilo linafaa gogo. Watu walipouliza niliwaeleza bila kusita kwamba hiyo ni aina ya pekee, inajirusha kutoka melini na kupiga mbizi kama bata. Mzee wa kanisa alishangaa sana. Alimleta mkewe aione, na mkewe akamleta dada yake.

Kisha siku moja binti yangu akasema, kama anayesema chumvi imeisha, kwamba ndege zinaelekea mwisho. Ukumbi si mkubwa. Na kile kiwanda chenyewe kiliunganishwa na kingine zamani, wala hakiundi tena kama kilivyokuwa kikiunda.

"Zimebaki ngapi?"

"Chache, Tata."

Nilianza kuchonga polepole. Nilimwambia binti yangu kwamba rafiki yangu wa Nuu, anayeniletea mukau, amechelewa na lori, ilhali magogo yalikuwa yamerundikana nje ya mlango. Nilisema mti ni mbichi. Nilisema mkono unauma, mpaka ukauma kweli. Yeye naye hakunihimiza. Picha zikaanza kuja moja kwa majuma mawili, mara hii nyuma ya ndege, mara hii ubavu wake tu. Tulitumia Jumapili nzima kuzungumzia mlango wa ndege moja.

Cha mwisho hakikuwa ndege. Kilikuwa chombo cha kutua mwezini, kwa maana kiwanda kile kile kiliunda hata hicho, na makumbusho yake yalikuwa na kimoja ambacho hakikupata kwenda. Kina miguu minne miembamba na hakina bawa hata moja. Binti yangu alinieleza kwamba watu wawili walishuka nacho, na wa tatu akabaki huko juu akizunguka mwezi peke yake, akiwangoja. Watu wote huuliza habari za wale wawili. Mimi nilimuuliza maswali mengi kuhusu yule wa tatu, alikula nini, alisema na nani.

"Hii ndio ya mwisho ndani ya hall," akasema.

Nilikichonga kwa uangalifu nisivunje miguu ile, na kilipokamilika nikakifunika kwa gunia. Jumapili nikasema bado. Jumapili nyingine nikasema bado. Kilikuwa kimeshapakwa rangi ya viatu na kung'aa.

Siku moja nikipangusa vumbi la rafu, nilizishusha ndege zote chini kwenye mkeka. Kwenye mkia wa kila moja huwa nachoma namba kwa waya wa moto, ile ile iliyo kwenye picha, kwa sababu bila namba naona nimechonga kitu cha watoto. Nikashika ile ya bata, na karibu yake ilikuwepo moja niliyoichonga mapema, nene tumboni, mabawa yamenyooka. Namba zilikuwa sawa. Nilidhani nimezeeka, nimechoma namba moja mara mbili. Nikafungua simu, nikazikuza picha. Namba ni hiyo hiyo. Na chini yake, kwenye picha zote mbili, palikuwa na kibonyeo kile kile katika bati.

Ilikuwa ndege moja.

Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Nilikuwa nimesimama mbele ya mzee wa kanisa, mkewe na shemeji yake, nikawahubiria ndege inayopiga mbizi. Lakini hasira ile haikunilaza njaa, maana chini yake nilihisi kitu kingine ambacho sikukielewa. Nilingoja Jumapili, nikakaa kibandani na simu.

"Mwaitu," nikamwambia alipopiga, "ile ya mabawa ya kulala, na ile ya tumbo kubwa. Namba ni moja."

Nyuma yake niliona ukuta mweupe, na koti limetundikwa.

"Ni moja, Tata. Mabawa inakunjwa. Meli haina space, so wanakunja ndio zitoshee. Hiyo siku kulikuwa na harusi hapo hall, wakaikunja kupata nafasi ya viti."

"Bawa linakunjwaje? Ukikunja si umevunja?"

"Si mti, Tata. Iko na bawaba, kama mlango."

Mimi nilikuwa sijawahi kufikiria bawa lenye kiungo. Maisha yangu yote bawa lilikuwa ni mti ule ule wa mwili.

"Na uliona nimeichonga kama ndege nyingine."

"Niliona."

"Ukaniacha niaibike mbele ya watu wa kanisa."

"Tata, ningekuambia, ningekutumia nini hiyo wiki?" Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika, na safari hii haukuwa mtandao. "Zilikuwa zinaisha. Kila siku nikipitisha mop naziangalia, nasema imebaki hii na hii. Nikaona umefikiria ni ingine, nikasema asante Yesu, nimepata ingine moja juu ya hizo. Nilijua zikiisha utaacha kushika simu yangu. Vile nilikosa kuja kuzika mum, nilijua uko na haki."

Mimi? Niache kushika simu? Nilikaa na lile neno. Wakati wote nilikuwa nikiogopa kuachwa na mtu aliyekuwa akiogopa kuachwa nami. Sikuweza kulisema hivyo, sijafundishwa kusema hivyo. Nilikwenda pembeni, nikaondoa gunia, nikakileta kile chombo cha mwezini mbele ya simu.

"Hiki nilimaliza kitambo," nikasema.

Alikitazama, miguu yake yote minne mizima. Alilia na kucheka kwa pamoja, na mimi nikageuza uso kidogo kwa sababu mzee hatazamwi akitokwa na machozi. Hapakuwa na picha ya kungoja wala kazi ya kuonyesha. Niliona kidole chake kikikaribia kioo, nikajua anataka kukata.

"Tata, usikate," akasema yeye. "Weka simu hapo chini, uchonge. Nikitoka shule nilikuwa naisikia hiyo tezo kutoka huko kwa njia, najua uko home."

"Ni Jumapili, mwaitu."

"Najua ni Jumapili."

Katika nyumba yetu tezo haijawahi kushikwa siku ya Bwana, si na baba yangu wala nami. Niliegemeza simu kwenye kopo la msasa, nikavuta gogo la mukau lililo zuri kuliko yote, nikakaa chini. Sikuwa na umbo lolote kichwani. Nilipiga tu, taratibu, nikiligeuza huku na huku. Mke wa mzee wa kanisa alikuja hadi penye ua wa miiba, akasimama akanitazama, halafu akaondoka bila salamu. Sikuacha. Gogo lile liliisha lote likawa vibanzi miguuni pangu, na binti yangu alikuwa bado yupo, anasikiliza.