Utando Mpakani Tunduma

Wakati huo Tunduma bado ilikuwa katika mkoa wa Mbeya, nami nilikuwa nikirudi kwa likizo kupitia Zambia, kutoka ng'ambo nilikosomea fizikia. Mkobani nilikuwa na kiboksi chenye zawadi ya kumpelekea mama: fremu ndogo iliyowambwa utando wa alumini, mwembamba kupita kiasi. Nilitaka aione kazi yangu kwa macho.

Ofisa wa forodha akataka kiboksi kifunguliwe. Nikapandwa na hasira, maana sipendi kupekuliwa.

"Kaka, ukiupumulia tu utapasuka!"

"Ni wa kazi gani?"

Nikamweleza kwamba tunaupiga kwa leza, mwanga mkali mno unaowaka na kuzimika kabla jicho halijapepesa. Upande wa pili zinachomoka chembe kwa kasi ya ajabu. Tunazigonganisha na nyingine, tujue nyota zilivyoipika dhahabu hii inayochimbwa huku kwetu.

Akaguna, kisha akaigeukia foleni. "Jamani, asipumue mtu!"

Wakatii wote, hata madereva wa malori. Sijawahi kuusikia mpaka ule ukiwa kimya namna hiyo. Nikafungua kiboksi, tukakiinamia, mashavu yamevimba, na utando ukatuonyesha sura zetu kama kioo. Mchuuzi wa dagaa alipojiona alivyotuna, akaangua kicheko. Foleni nzima ikafuata, na mimi pia. Utando ukapasuka.

Ofisa akaichungulia fremu tupu, huku akijifuta machozi ya kucheka.

"Sasa huna mzigo, dada. Pita."