Kanga Isiyofuliwa

Mtaani kwetu Rumonge, mtu akitaka kusafiri, mimi ndiye niliyeitwa kumfungia mzigo. Nilijua unga wa muhogo ukae wapi na ndagala, wale samaki wadogo wakavu, wakae wapi ili nguo zisinuke, na kibuyu cha mawese nilichokiziba mimi kilifika Ujiji bila kutoa hata tone. Nilijisifu kwa hilo, sikatai. Lakini mzigo wangu mwenyewe, wa safari ya kumfuata binti yangu, niliufunga na kuufungua mara nne asubuhi moja, mpaka mume wangu akatoka nje kunikimbia.

Binti yangu alikuwa Ujiji kwa mama mkwe. Nilimpeleka mwenyewe akiwa na mwaka na nusu, kama tulivyofanya wote wakati wa kuwaachisha ziwa: mtoto anakwenda kwa bibi yake, analisahau ziwa, anarudi. Ilikuwa iwe miezi mitatu. Kisha malale yakaenea pwani ya ziwa, Wadachi waliotutawala wakakataza mitumbwi kusafiri bila cheti, na miezi mitatu ikawa miaka miwili na zaidi. Sasa cheti nilikuwa nacho, na kila kitu nilichokishika nilikiuliza swali moja: hiki kitamfanya anifuate?

Nikaweka vikanzu viwili nilivyomshonea kwa mkono. Nikaweka shanga, asali, mwanasesere wa matambara. Nikatoa blanketi langu ili mwanasesere apate nafasi, nikalirudisha, nikalitoa tena.

Pwani baharia aliutazama mzigo wangu, akanitazama na mimi.

"Mama, unahama ao unasafiri? Mutumbwi haina nafasi ya nyumba muzima."

Kabla sijamjibu, askari akaanza kutupapasa shingo, mmoja baada ya mwingine, akitafuta uvimbe wa malale. Alipofika kwangu niliinua kidevu mwenyewe, maana uvimbe mdogo tu na safari ingekufa. Hakuona kitu. Akaamuru mizigo ifunguliwe. Wangu nilikuwa nimeubana kwa ustadi wangu wote, na ulipofunguka haukukubali tena kurudi. Nikapanda mtumbwini nimekumbatia vikanzu kifuani, abiria wakinicheka, nami nikiwa karibu kulia.

Siku zote za njiani sikutulia. Nilisimama, nikakaa, nikahesabu shanga. "Kaa, mama, utatupindua," baharia alisema mpaka akachoka kusema.

Ujiji nilimkuta binti yangu nyuma ya bibi yake, ameshika pindo la kanga yake. Alikuwa mrefu. Sijui nilitegemea nini, lakini urefu ule ulinishtua. Alinipa shikamoo kwa adabu, kama anavyopewa mgeni. Nilipojaribu kumvika kanzu, kichwa hakikupita. Nilikuwa nimeshona kwa kipimo cha mtoto niliyemwacha, nami ndiye fundi wa mizigo mtaani. Mwanasesere alimpokea kwa mikono miwili, akamweka chini, akarudi kwenye pindo la bibi.

Mama mkwe hakubishana nami hata kidogo. "Mtoto ni wako," alisema, na siku ya kuondoka alimfungia mwenyewe kifurushi kisichozidi papai. Ndani mlikuwa na kikombe cha bati, vipande viwili vya muhogo wa kuchoma, na kanga ya bibi mwenyewe ya kulalia na kupikia, kuukuu, haijafuliwa.

"Usiifue," akaniambia.

"Nyumbani kwangu nguo zipo, mama."

"Zipo, mwanangu. Lakini usiifue."

Nilikasirika. Niliona anamtuma mtoto kwangu na alama yake mwenyewe, kama ng'ombe aliyeazimwa. Kifurushi nilikisukuma chini kabisa mtumbwini, nikijiambia kwamba kanga ile nitampa yeyote tutakayemkuta tukipumzika Nyanza njiani.

Jua lilikuwa la utosi bibi yake alipopotea machoni mwetu, na mtoto akaanza kulia. Nilimpa asali, akafumba mdomo. Nilimpa mwanasesere, akamtupa ziwani. Nilipomvuta kwangu alipiga kelele kama nimemwiba, akajinyoosha kuelekea majini, kule tulikotoka, mpaka mtu mmoja akamdaka mguu.

Baharia akaacha kupiga kasia. "Mama, mutoto huyu atajitupa. Mimi narudi Ujiji, umurudishe kwa bibi yake. Utamufuata siku ingine."

Siku nyingine! Na cheti nitakipata wapi, na huyu atakuwa mrefu kiasi gani? Nilimwomba asubiri. Nikapiga magoti kwenye maji yaliyotuama tumboni mwa mtumbwi, nikaipangua mizigo ya watu na wangu mpaka nikakifikia kifurushi. Kanga ilinuka moshi, samaki, na jasho la mama mkwe. Nilimpa mtoto. Aliishika, akainusa, akaanza kuikunjua huku na huku akimtafuta bibi yake humo, na alipomkosa akalia zaidi.

Hapo nikaona wivu wangu umefika mwisho wake. Nilivua kanga yangu ya kichwani, nikajitanda ile ya mama mkwe kama anavyojitanda yeye, nimefunika kichwa na nusu ya uso, mkono mmoja tu nje. Sikumwita. Nilikaa, kwa mara ya kwanza tangu nitoke Rumonge nilikaa.

Kilio kikapungua. Akasogea. Akashika pindo, akalizungusha kwenye vidole vyake, kisha akaweka kichwa mapajani mwangu bila kuninyanyulia macho. Baharia alinitazama, nami nikamwonyesha kwa kidevu kaskazini, nyumbani. Kasia likarudi majini.

"Bibi," mtoto akaita, macho yakijifumba.

Nikaitika, "Abee."