Siku Maji ya Rugumba Yaliposhuka

Siku yangu ya kwanza ya kazi, Shefu wa brigadi, kikosi cha wapima maji wa Serikali pale Kalemie, alinipeleka kwa miguu mpaka muto Rugumba. Nilivaa abakosi ya kaka yangu, lile koti la bila tai ambalo kila mufanyakazi wa Serikali alipaswa kuwa nalo, na mabega yake yalinizidi. Shefu akanionyesha ubao mweupe uliopigwa misumari kwenye nguzo, chini kidogo ya ponti, lile daraja la muji, upande wa ziwa. Ulikuwa na mistari myeusi na namba, murefu kupita mutu.

“Ile njo eshele,” akasema. “Asubuhi na jioni unaangalia maji yamegusa wapi. Unaandika namba. Huandiki mawazo.”

Hiyo njo ilikuwa kazi yangu yote. Ninyi vijana mtacheka, eti mutu analipwa kwa kuangalia maji. Cheka tu. Lakini jueni kwamba Lukuga, ambayo watu wa Kalemie wanaizungumzia kila siku, ni muto wa pole: unatoa maji ya ziwa kuyapeleka Lualaba, na ukitaka kupanda unakupa miezi ya kujitayarisha. Rugumba inaleta maji ya milimani. Haikupi hata nafasi ya kuanua nguo.

Baada ya mwaka mumoja walinihamishia Kongolo, chini ya Shefu wa sekteri, mutu mukali, mufupi, aliyetuzoeza kusoma eshele tukipiga magoti. Alisema ukisoma umesimama, jicho linadanganya sentimeta mbili. Suruali zangu zote zilitoboka magotini. Huko nilijifunza pia rejista: kolone, yaani safu, ya tarehe, ya saa, ya namba, ya hali ya mbingu, na ya mwisho kabisa, iliyoitwa obserivasio, ya kuandika mengine mutu aliyoyaona mutoni, ambayo hakuna aliyeijaza. Niliporudishwa Kalemie, kwenye Rugumba ileile, nilijiona ninajua maji kupita samaki.

Kwenye njia ya kwenda eshele aliishi Mama Feza, mwanamuke aliyetoka upande wa Fizi kufuata biashara ya ndagala, vile visamaki vya ziwa. Alizianika mbele ya nyumba yake ya matofali mabichi, katika mutaa wa chini, karibu na ziwa. Kila asubuhi aliniuliza, “Papa Maji, muto umekuambia nini leo?” Nami nilimutajia namba, kwa heshima zote, kama vile yeye njo waziri. Alicheka sana. Nilimupenda kwa kicheko kile, niseme ukweli, ingawa kila mumoja wetu alikuwa na nyumba yake.

Mnajua Salongo, au wazazi wenu wanaijua: kila Jumamosi raia wote walitoka na majembe na panga kufanya kazi ya bure kwa ajili ya muji. Mwaka huo amri ikaja tusafishe kingo za Rugumba, upande wa juu wa ponti, maji yanakotoka, sababu wakubwa walitazamiwa kupita. Tulikata matete na vichaka, tukaangusha migomba mizee. Jioni kulikuwa na mulima wa takataka na hakuna lori. Shefu wa mutaa akanigeukia mimi, mutu wa maji, akauliza itakuwaje. Nikamwambia tutupe mutoni, muto utabeba mpaka ziwani. Tukatupa. Hata mimi nilisukuma kwa mikono yangu, nikiimba pamoja na wengine.

Muto haukubeba. Migomba ilishikana chini ya ponti, matete yakaizonga, na hakuna aliyeinama kuangalia, sababu tulikwisha kufanya usafi.

Wiki iliyofuata mvua ikanyesha milimani bila kupumua. Eshele ikapanda mpaka watu wa mutaa wa chini wakahama na magodoro, wakakaa kwenye masomo, ile shule ya misioni. Asubuhi moja nilisoma mita mbili na sentimeta arobaini. Nilirudi saa sita muchana, kwa bidii yangu mwenyewe, nikakuta mita moja na kumi. Mvua bado ilikuwa inanyesha. Nilipiga magoti kwenye tope, nikasoma mara mbili. Mita moja na kumi.

Nilikimbilia biro, ofisi yetu. Shefu wa brigadi akaniuliza kitu kimoja tu, kama nilipiga magoti. Nikasema ndiyo. “Basi andika,” akasema, akafurahi. Nikaandika, kisha nikaenda masomo kupeleka habari njema. Watu walinizunguka. Mama Feza alikuwa mbele.

“Papa Maji, nirudi? Magunia yangu yako chini.”

“Maji yameshuka, Mama. Eshele haidanganyi.”

Akafunga kitenge, akatoka, na wengine wakamufuata.

Nilikuwa bado pale nikipokea shukrani, mutu wa kinga, mwenye baiskeli ya mizigo, akaingia amelowa mpaka kifuani. Alitoka upande wa juu wa ponti. Alilalamika kwamba huko soko limeingiwa na maji, na meza zinaelea. Nikamuuliza mara mbili kama ni juu ya ponti. Akasema ni juu, kwani sisikii? Maji hayawezi kupanda juu na kushuka chini kama hakuna kitu kilichoyafunga katikati. Na mimi nilikijua kile kitu, nilikisukuma mwenyewe.

Nilikimbilia mutaa wa chini nikipiga kelele watoke. Wengi walitoka. Wengine walinishangaa, sababu ni mimi niliyewarudisha na namba yangu. Mama Feza alikuwa mulangoni na gunia mabegani.

“Unasema mambo mawili kwa siku moja, Papa Maji? Acha nipandishe hili moja tu juu ya meza.”

Nilimushika mukono. Akauondoa, akaingia. Nikaenda mulango wa pili kuwatoa wazee, na hapo ponti ikakatika, maji yote yaliyofungwa yakashuka kwa mara moja.

Sitaeleza sana. Nyumba za matofali mabichi ziliyeyuka. Muji ukabaki vipande viwili, na kwa miezi wagonjwa wa ng'ambo walivushwa kwa mutumbwi. Mama Feza tulimukuta siku ya pili, ufukoni, katikati ya matete yaleyale. Yalikuwa yamekatwa kwa panga, sawasawa, kazi nzuri ya Salongo.

Enspekta alikuja kutoka Lubumbashi. Akafungua rejista, akasifu mwandiko, akatia saini. Hakuna aliyeuliza habari ya migomba, wala mimi sikusema. Shefu wa brigadi alinishika bega, akaniita raia, kama tulivyoitana wote wakati ule. “Sitwayeni, umefanya kazi yako.” Niliichukia ile sentensi, na bado ninaichukia.

Nilitumika miaka mingi bado, Moba, Kabalo, tena Kalemie. Mashefu walibadilika. Mimi nilibadilisha jambo moja tu: kabla ya kupiga magoti mbele ya eshele, nilipanda kwanza kwa miguu mpaka upande wa juu wa muto, nikaangalia chini ya ponti, nikauliza wamama wanaofua maji yamefika wapi kwenye mawe yao. Wenzangu walisema ninapoteza muda.

Siku ya pansio, nilipostaafu, nilimukabizi rejista agenti mupya, Mama Nyota, mwanamuke kijana mwenye diplome. Kabla ya kumupa, nilitoa kwenye kabati ile rejista ya zamani, nikatafuta ukurasa. Mita moja na kumi, saa sita, mvua. Kolone ya mwisho ilikuwa tupu. Nikaomba kalamu, nikaandika: Mama Feza.

Mama Nyota akasoma, akaniangalia.

“Papa, hapa si tunaandika hali ya muto?”

“Njo hali ya muto,” nikamujibu, nikamurudishia kalamu yake.