Kisanduku cha Nyuma ya Nyumba

Naikumbuka siku moja ya kuvuna mahindi, mwanangu, na naikumbuka kwa hasira. Sitakudanganya kwamba uzee umenipoza. Jana mchana nilikuwa jikoni nikichambua mboga, nikakuona umetoka kwenu umelowa jasho, ukaenda hadi kwenye kona ya nyumba yenu, ukamwona baba mkwe wako ameketi kule nyuma na redio yake, ukageuka ukarudi ndani. Jioni nikamsikia shangazi ya Wekesa akisema ati kiyoyozi chenu hakipoi kwa sababu wewe hujazoea kufunga madirisha. Nililala vibaya. Ndiyo maana nimekuita asubuhi hii kabla jua halijapanda, na hiyo chai utainywa ukinisikiliza.

Uliolewa na Wekesa ukijua kwamba hatoki jasho. Sisi wazazi wake hatukujua. Alizaliwa mtoto mzuri, ila nywele zake zilikuwa chache na meno yalichelewa mpaka watu wakaanza kuuliza. Alipokuwa kwetu Kiminini, kwenye baridi ya kule Kitale, alicheka na kunyonya kama watoto wengine. Tukishuka naye huku Bungoma, mwili unawaka. Kila mtu alisema malaria, akameza dawa za malaria hata hakuwa nayo. Mwishowe daktari mmoja alimgusa mgongo mchana wa joto, akaona mkavu kabisa, akatuambia mtoto huyu amezaliwa bila njia ya kutoa jasho. Hatapona, alisema, lakini ataishi vizuri mkimweka mahali pa baridi. Joto likimshika sana na mkachelewa, mtampoteza.

Mimi nilitaka turudi Kiminini. Mama mkwe wangu akasema Wekesa ni mtoto wa boma hili na hatalelewa ugenini ati kwa sababu ya jua. Baba Wekesa alikuwa na kazi yake ya ofisi mjini, hakuweza kuiacha. Basi akanunua kiyoyozi, cha kwanza kuonekana upande huu wote wa Bumula. Majirani walikuja kukitazama, wengine wakatoa viatu mlangoni. Kile cha ndani kikawekwa ukutani juu ya kitanda. Kisanduku cha nje, chenye feni, fundi alikiweka nyuma ya nyumba kwa sababu huko kuna kivuli.

Na huko nyuma, mwanangu, ndiko ulikokuwa uwanja wa Mzee, baba mkwe wangu. Alikuwa na stuli yake pale, alikula chakula pale, alinawia pale. Wiki ya kwanza baada ya harusi nilikalishwa chini nikaelezwa: mke wa mwana hapiti anapokaa baba mkwe. Hampi mkono, hampi kikombe mkononi, hamkuti akila. Nilitoka kwa watu wenye adabu zao nyingine, lakini nilishika hiyo kwa sababu sikutaka kusemwa. Tangu kile kisanduku kiwekwe, sikuwahi kukiona.

Miezi ya kwanza chumba kilikuwa na baridi tamu. Wekesa alianza kunenepa. Kisha mavuno yakafika na mvua ikakataa kuondoka. Mahindi yalikuwa yanaingia yakiwa maji, na mahindi yaliyoota ukungu hayauziki wala hayaliki. Kila boma lilihangaika. Na siku hizo hizo, kiyoyozi chetu kikaacha kupoa mchana.

Nilifanya kila nililoweza kwa upande wangu wa ukuta. Nilitoa chujio nikaliosha kwa maji na kulikausha, nikalirudisha. Nilifunga madirisha, nikabandika pazia zito upande wa jua. Nilipachika matambara chini ya mlango. Nilibonyeza rimoti mpaka namba zikaanza kufutika. Hewa ilitoka, lakini ilikuwa hewa ya uvuguvugu, na Wekesa alilala juu ya sakafu akihema. Nilikuwa nikilowesha fulana yake kwenye beseni, namvisha, inakauka, nalowesha tena. Hivyo ndivyo nilivyoshinda kutwa.

Sasa sikiliza vile hii kitu ilivyonigeukia. Jioni Baba Wekesa akirudi kazini jua limeshuka, mashine inapoa vizuri tu. Nikimwambia mchana haikupoa, anainua mkono kwenye ule upepo wa baridi na kunitazama. Tukaita fundi. Fundi akaja mchana, akazunguka nyuma, akakaa huko na vyombo vyake, na mimi humo ndani nikasikia baridi inashuka. Akasema ameongeza gesi kidogo. Alipoondoka tu, joto likarudi. Akaitwa tena, ikawa vilevile: yeye yupo, inapoa, ametoka, imekufa. Hapo mama mkwe akapata maneno yake.

"Mashine inafanya mbele ya fundi, mbele ya bwana inafanya," aliwaambia wanawake jikoni, nami nikiwa mlangoni na sufuria. "Mchana akibaki peke yake inakataa. Si ni mkono wake? Huyu anataka kurudi kwao Kitale, na anatumia mtoto."

Niliiweka sufuria chini. Kuna uchungu wa kusingiziwa wizi, huo unaweza kuuvumilia. Lakini kuambiwa unampika mtoto wako kwa makusudi! Na hakuna hata mmoja aliyesema hapana. Mama mkwe akaleta kina mama wa kanisa waiombee nyumba. Waliombea mlango, wakaombea kitanda, wakaishika rimoti wakaiombea pia, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Mimi ni mtu wa maombi, unanijua. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyefikiria kutoka nje akazunguka nyumba, na wao hawakukatazwa na mtu.

Wakaamua kikao. Jumamosi wazee wangekaa, mimi nirudishwe Kiminini nikatulize akili, na Wekesa abaki. Ati mtoto ni wa ukoo. Nilimuuliza Baba Wekesa usiku kama yeye amekubali. Akasema ni kikao tu, tusikilize. Nikamuuliza ni nani atakayelowesha fulana mchana. Aligeukia ukuta, na hilo bado sijamsamehe vizuri, ingawa nimemzalia wengine watatu na ninampikia kila siku.

Siku mbili kabla ya kikao jua lilitoka kali baada ya mvua, lile jua linalochoma na mvuke unapanda kutoka chini. Saa sita hivi fulana ya Wekesa ilikauka mwilini kabla sijamaliza kuikamua ile nyingine. Nikamwita, akafungua macho yakapinduka. Midomo ilikuwa imepasuka. Nikamnyanyua, akalegea begani kwangu. Nikapiga kelele, lakini hakuna aliyekuja; wanawake wote walikuwa shambani. Na ukutani ile mashine ilikuwa inanguruma na kunipulizia joto usoni. Nikasikia pia, kwa nyuma, feni ya nje ikilalamika.

Nilitoka mbio. Nilipofika kwenye kona ile ile uliyogeukia jana, miguu yangu ilisimama yenyewe, mwanangu. Mtoto anakufa begani, na bado miguu ilisimama kwa adabu. Nikikumbuka hapo ndipo hasira inaponipanda zaidi. Kisha nikapita.

Magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa mbele ya kisanduku mpaka yamegusa feni. Pembeni pia magunia. Juu wametandika turubai, wamelifunga kwenye paa ili mvua isiingie, kwa hiyo mashine ilikuwa imefungiwa ndani ya kibanda inavuta joto lake lenyewe. Ule upepo wa moto waliona ni baraka ya kukausha mahindi. Shemeji yangu Barasa alikuwa pale akigeuza mahindi kwa mkono, anaimba juu ya kelele ya feni. Mzee alikuwa kwenye stuli yake na fulana ya ndani, sahani ya ugali magotini.

Barasa akaniambia, "Shemeji, huku hupiti, bana."

Nilimpita. Nilihitaji mikono miwili. Nikaiondoa sahani ya Mzee magotini, nikamweka Wekesa pale. Ndiyo, mapajani mwa baba mkwe, kwa mikono yangu hii. Nikaanza kuvuta magunia. La kwanza likapasuka, mahindi yakamwagika matopeni. Nikavuta jingine. Barasa akanishika mkono akisema haya mahindi ni chakula cha mwaka, si nimwulize Mzee kwanza.

Lakini Mzee alikuwa ameuweka mkono wake kwenye kifua cha mjukuu wake. Nadhani hakuwahi kumgusa mchana. Uso wake ulibadilika.

"Toa," alimwambia Barasa. "Toa yote. Kata hiyo turubai."

Barasa akaanza kusema kwamba fundi akija yeye huwa anayasogeza magunia, halafu anayarudisha, na fundi hakulalamika. Alisema hivyo kwa roho safi kabisa, mjinga yule, hata hakusikia alichokisema. Mimi nilisikia. Nilikaa chini kwenye matope nikalia kwa hasira, kwa sababu siku zote zile nilizoitwa muuaji, jibu lilikuwa linabebwa mbele na nyuma na mtu aliyekula chakula changu.

Mzee alikuwa anammwagia mtoto maji ya kunywa kichwani, kidogo kidogo kwa kiganja. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu niolewe, akanikemea.

"Wewe ni mama yake. Kwa nini ulingoja mpaka leo kupita hapa?"

Nilijua vile anayejibu mzee anavyosemwa. Nilijibu.

"Baba, ni nyinyi mlinikataza. Sasa mnaniuliza kwa nini nilitii?"

Akaendelea kummwagia mtoto maji. Mashine, ilipopata hewa, ikaanza kunguruma kwa sauti nyingine, nyepesi. Baada ya muda ule mpira mdogo unaotoka ukutani ukaanza kudondosha maji, tone moja moja, na mimi sikujua maana yake. Siku hizi najua: mpira ukidondosha, ndani kunapoa. Nikamchukua Wekesa nikarudi naye chumbani, nikamlaza chini ya ule upepo na fulana mbichi. Alasiri aliomba maji. Jioni aliomba chapati.

Kikao kilikaa. Mzee alisimama akasema mahindi yalikuwa yake, wazo lilikuwa lake, na kuanzia siku hiyo stuli yake ingehamia upande wa zizi. Wazee wakakohoa, wakaniomba radhi kwa mzunguko mrefu. Mama mkwe wangu aliinua mkono akasema sawa, mahindi yalichangia, lakini hata yeye huyu alikuwa anaizima mashine. Hakuwahi kuliondoa neno hilo. Nilimuuguza miaka yake ya mwisho, nilimwosha, nililia kwenye kaburi lake na kilio kilikuwa cha kweli. Lakini nikikaa peke yangu jikoni bado namjibu.

Sasa, mwanangu, nakwambia wewe uliyetoka Cheptais kwenye baridi, kama mimi nilivyotoka Kiminini. Kitu cha nyumbani kikikataa kufanya kazi, watu watatafuta mtu wa kulaumu kabla hawajatafuta kilichoziba. Na mara nyingi watampata yule mgeni, yule mwenye adabu, asiyejibu. Wewe usianze na nani. Anza na wapi. Osha chujio, ndiyo. Funga madirisha, umefunga, nimeona. Halafu zunguka ukaone ile sehemu ambayo huionagi. Ile mashine inatupa nje joto la chumba. Ikikosa pa kulitupa, inawarudishia. Kule nyuma sijui kuna nini safari hii. Baba Wekesa ameanza kufuga kuku, huenda ni manyoya na vumbi yamejaa kwenye yale mabati membamba ya kisanduku. Huenda ameegemeza baiskeli na gunia la chakula cha kuku. Zima umeme kwenye ukuta kwanza, kisha toa, piga brashi taratibu, mwagia maji. Ukiona hakuna kitu na bado hakipoi, hapo ndipo tunaita fundi, na wewe utasimama naye huko huko nyuma mpaka amalize.

Heshima nakufundisha, na utaishika. Msalimie baba mkwe wako, mpikie, usimkatize akiongea. Lakini heshima inayomzuia mke kujua ni nini kinachomchoma mume wake, hiyo mimi siitambui katika boma hili, na sasa mwenye boma ni mimi. Nimeshamwambia Baba Wekesa. Tumekosana kidogo asubuhi, amesema nitaharibu mila. Nikamwambia mila hiyo ilikuwa imuue mtoto wake na yeye akasema tusikilize kikao. Amechukua redio yake akatoka. Akikuona unakuja na akaona aibu, basi ainuke yeye na redio yake. Shangazi niachie mimi.

Maliza chai. Wekesa yuko ndani na jua linapanda, na yeye hatakwambia akizidiwa, atalala tu kimya vile alivyozoea. Mungu akubariki, mwanangu. Akutunzie mume, akujalie watoto wanaotokwa na jasho tele. Na akikupa wa namna ya baba yao, akupe miguu isiyosimama. Haya, inuka. Pita.