Shashi Kavu

Kidonda kikipona, tunasema kimekauka. Neno hilo lilinikosesha, na sijalisamehe mpaka leo.

Kaka yangu alirudi kutoka vitani na kovu la kipande cha bomu kwenye muundi. Akaoa, akajenga kijijini Izigo, akapanda kahawa. Miaka ikapita, wifi yangu akafa kwa ugonjwa ule ambao hakuna aliyeutaja kwa jina, kisha kaka naye akaanza kukonda. Halafu kovu likafumuka, likawa kidonda cha upana wa kiganja changu. Majirani waliokuwa wakija kila jioni wakaanza kusalimia wakiwa njiani.

Alikuwa na binti mmoja aliyekuwa akijiandaa kwa komunyo ya kwanza. Kaka alitaka jambo moja tu: aingie kanisani kwa miguu yake, amevaa suruali isiyo na doa, watu wamwone. Zilikuwa zimebaki Jumapili tatu.

Mimi nilikuwa mhudumu wa wodi mjini Bukoba, kazi yangu kufagia na kufua mashuka. Niliomba likizo. Muuguzi mmoja akanipa shashi, kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, na kunielekeza niichemshe, niiloweshe kwa maji ya chumvi, nifunikie kidonda, nayo isikauke. Nyumbani mama alibabua jani changa la mgomba motoni mpaka likalainika, tukafunikia shashi ili unyevu usitoke. Baada ya wiki moja nyama mpya ikaanza kuota, nyekundu, ya chembechembe. Nilifurahi hadi nikaona aibu, kwa maana nyumba ile haikuwa na furaha.

"Umeacha ufagio, sasa wewe ni daktari," kaka alinitania.

Hapo nikajifanya najua. Nilijiambia kwamba sasa kimebaki kukauka tu. Nikatupa jani, nikaacha shashi bila maji, nikamkalisha kaka uani aote jua siku mbili. Mama alisema ni vizuri, kidonda kipate hewa.

Siku ya tatu nilishika ncha ya shashi nikavuta. Ikagoma. Nyama changa ilikuwa imepanda katikati ya nyuzi na kuzishika, kama maharage yanavyoshika mti. Mimi nilidhani ni damu iliyoganda, nikavuta kwa nguvu. Iling'oka pamoja na ile nyama changa, damu ikachuruzika hadi kwenye kisigino.

Kaka aliuma pindo la blanketi. "Mpola, waitu," alisema. "Mpola."

Kwa lugha yetu, polepole, ndugu yangu. Ningeona afadhali angenitukana.

Jumapili ya komunyo mimi ndiye niliyekaa na binti kanisani. Aligeuka kutazama mlango mara nyingi, gauni lake jeupe likimpwaya mabegani. Aliponiuliza, nilimwambia baba amelala. Kaka alifariki kabla kahawa haijaiva, na kidonda kikiwa wazi. Najua ugonjwa ndio uliomuua. Lakini kwenda kanisani nilimzuia mimi.

Binti yule nilimlea. Sasa ni muuguzi, na mwaka jana alirudi kutoka kwenye mafunzo na kipande cha kitu kama uji wa muhogo ulioganda, ndani ya kikopo, akanishikisha. Alinieleza kwamba kimejaa maji, na ndani yake mna nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kinawekwa kwenye kidonda, nyama inapanda juu ya nyuzi zile, na nyama ikishajaa nyuzi zinayeyuka zenyewe. Alikuwa akieleza kwa furaha, mikono yake ikicheza kama ya baba yake.

"Na ukitaka kukivua?" nilimuuliza.

"Hakivuliwi, shangazi."

Nikamwomba arudie. Akarudia kwa sauti kubwa, akidhani masikio yangu yamezeeka. Nilikirudisha kikopo mikononi mwake, nikataka kumwambia habari ya ile shashi ya baba yake. Badala yake nikamuuliza kama ameshakula.