Kahawa Kutoka Mkononi mwa Kemilembe

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyopewa wodi ya wanawake pale Bukoba niwe msimamizi. Nilikuwa binti bado, na kiti kile nilikikalia kweli kweli. Asubuhi hiyohiyo akaingia mama mmoja wa Izimbya. Bintiye Kemilembe, mwalimu wa shule, tulikuwa tumemruhusu arudi nyumbani, na sasa alikuwa amekataa chakula.

"Sista, si kwamba hana njaa. Hakuna anayekula naye. Majirani wanamsalimia wakiwa nje."

Ugonjwa wenyewe niliujua. Miaka ile kila kijiji kilikuwa kinazika. Nikamwambia nitamtuma muuguzi mdogo, mimi nina kazi za ofisi.

Matroni wetu, Ma Paulina, alikuwa mlangoni, amesikia yote. Huyu ndiye aliyefunga vidonda vya majeruhi wakati wa vita, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Akasema, "Kiti nimekupa. Miguu sikukunyang'anya."

Nilinuna, lakini nikaenda.

Kemilembe nilimkuta amekaa ndani, kwenye nyasi mpya alizotandika mama yake sakafuni, amekonda, anaona haya. Unajua desturi yetu: mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Hupewa akamwani, kahawa ya kutafuna, na mwenyeji humpa kwa mkono wake. Kemilembe akakisogeza kikapu cha kahawa kwa mama yake. "Mpe wewe. Kwangu hawapokei."

Darasani nilifundishwa kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kula pamoja. Lakini moyo, mwanangu, haukusoma darasa moja nami. Nikapiga magoti, nikakinga mikono yote miwili, nikamwambia, "Mwalimu, nimekuja kwako." Akaniwekea punje kiganjani. Nikatafuna. Alinitazama mdomo mpaka nikamaliza, kisha akageukia upande wa pili: "Mama, ebitoke viko tayari?" Tukala ndizi zile sote watatu kwenye jani moja, na mama yule alikuwa anakula huku analia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kemilembe hakupona; dawa hazikuwepo wakati ule. Ila majirani waliochungulia mlangoni waliniona nikila, wakaanza kuingia mmoja mmoja, na hakula peke yake tena mpaka Mungu alipomchukua. Baada ya matanga mama yake aliniletea kile kikapu.

Ndicho hiki unachokiona mezani kwangu. Nimekuwa matroni, nimekuwa mkuu wa chuo cha uuguzi, na kila ofisi nimehama nacho. Siku niliyokabidhiwa chuo nilimwalika Ma Paulina kutoka Rwamishenye, mzee kabisa, nikampa yeye kahawa ya kwanza. Akacheka: "Meno yenyewe yako wapi?" Akaitia mdomoni hivyohivyo, akaimumunya. Namshukuru mpaka leo kwa kunitoa kwenye kile kiti.

Sasa wewe nawe umepewa wodi. Cheo ni dhamana. Kazi unayoiogopa usimtume mdogo wako akaifanye. Tangulia wewe, naye afuate. Na mgonjwa akikupa kitu, pokea kwa mikono miwili, maana huenda ndicho pekee alichobaki nacho. Mungu akupe moyo mwepesi na miguu isiyochoka, na siku utakapolala kitandani wewe, akuletee mtu wa kula nawe.

Haya, kinga mikono.