Damu ya Mama na Nyumba ya Mkwe

Mimi sinunui maziwa bila kuyanusa mbele ya muuzaji. Ndivyo nilivyo, na sijutii. Kwa hiyo damu ya mama yangu ilipokataa kupanda, sikumwuliza daktari maswali mengi. Nilimtazama nesi.

Mama alikuwa anatoka kwake Mbale, chini ya mlima Wanale, mara mbili kwa wiki, kuja Jinja kuunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu, maana figo zake zimekufa. Figo zikifa, damu nayo hupungua, ndiyo sababu kuna sindano ya kuiongeza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiinunua. Naipeleka kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, namkabidhi nesi mkononi, halafu nakimbilia duka langu la vitenge. Miezi ikapita, viganja vya mama vikazidi kuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Daktari akasema moyo umeanza kuchoka. Damu isipopanda, hautavumilia. Niliogopa mpaka chakula kikanishinda.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaamini sindano zangu zinauzwa kwa wengine na mama anadungwa maji. Nikaanza kudai vichupa vitupu. Nesi alinipa bila neno, na upole wake ukanitia shaka zaidi. Mtu anakuwaje mpole hivyo kama hana la kuficha?

Siku moja sikufungua duka. Niliketi miguuni pa kitanda tangu mwanzo. Sindano ikatolewa kwenye barafu, ikachomwa, macho yangu yote pale. Hakuna wizi. Karibu niudhike.

Muda wa mashine ulikuwa haujaisha nilipomsikia mama akisema, "Sista, nitoe."

"Mama, bado kidogo. Halafu lazima nikurudishie damu iliyo kwenye mipira ya mashine."

"Hiyo wacha. Gari ya Mbale itaniacha. Nitoe, ama nachomoa mwenyewe." Na mkono wake ulikuwa tayari kwenye plasta.

Nesi akanigeukia. "Kila mara ni hivi," akasema, akazima mashine. Mipira aliyoitupa ndooni ilikuwa bado myekundu. Nilisimama nikaitazama. Damu niliyokuwa nikiisaka kwenye mkoba wa nesi ilikuwa inabaki pale, kila mara, na sindano yangu inahangaika kujaza ndoo iliyotoboka.

"Mama, gari ya nini?" nikamwuliza. "Kwangu ni hapo Mpumudde tu, boda moja. Kwa nini usilale?"

Akageuza uso kuelekea ukutani. "Nilale wapi? Nyumbani kwa mkwe?"

Basi. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake, hata mvua inyeshe mawe. Nimelijua hilo tangu utoto, na sikuwahi kuliweka pamoja na ugonjwa. Mama alikuwa tayari kufa ili asivunje heshima, na hakuniambia, kwa kuwa hata kulitaja aliona aibu. Nilimkasirikia, kisha nikalia palepale mbele ya wagonjwa wengine.

Jioni nilimweleza mume wangu. Akatoa begi lake chini ya kitanda. "Siku zake za mashine mimi nitalala Nalufenya kwa kaka yangu," akasema. "Mwambie nyumba ni yake."

Tangu hapo mama anakaa kwenye mashine mpaka mwisho, na damu yake inarudishwa mpaka mipira inabaki na maji tu. Bado namwangalia nesi, lakini siku hizi namletea chapati. Juzi daktari alisoma majibu, akatabasamu. Jioni ile mume wangu, begi begani, akaita kutoka uani, maana yeye na mama hawatazamani usoni.

"Mama, damu inasemaje?"

Mama akajibu kutoka nyuma ya pazia: "Imepanda, baba. Nenda ulale salama."

Sauti yake ilikuwa na nguvu ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu, na nilifurahi. Mume wangu akaondoka akipiga mluzi. Mluzi huo sikuupenda. Nikachukua simu, nikampigia kaka yake kuuliza kama kweli anamtarajia.